Daftari la Chama Lisikae Nyumba Moja

Wanachama watukufu,

Katika mkutano mkuu ujao mtatakiwa kutoa rai juu ya jambo ambalo kwa jina ni geni, lakini kwa asili ni la zamani kama deni na mdeni. Seva ya ofisi yetu, yaani ile kompyuta iwekayo hesabu zote za chama, imezeeka na inatakiwa kubadilishwa kabla ya msimu. Halmashauri imeona kuwa kununua mashine mpya si kazi ngumu. Kazi ngumu ni kuchagua namna ya kuitumia, na namna ya kuzirudisha hesabu siku mashine hiyo itakapoungua, itakapoibiwa ama itakapokufa yenyewe. Nimeagizwa nieleze mambo haya kwa lugha ya kila siku, ili kila mwanachama apige kura huku akijua anapigia nini.

Kwanza tukumbushane kilichomo ndani ya seva hiyo. Mna hisa za kila mwanachama, akiba yake, mkopo aliochukua kuwalipa wachumaji, na uzito wa karafuu kavu alizopeleka kituoni msimu baada ya msimu. Mfikirie mjane aliyerithi hisa za mumewe, na stakabadhi zimeliwa na mchwa. Haki yake yote imebaki katika mistari michache ya seva ile. Ikipotea, hana ushahidi, na chama hakina jawabu la kumpa. Aya ya 282 ya Suratul Baqara, ambayo ndiyo ndefu kuliko zote katika Kur'ani, yataka deni la muda liandikwe. Kuandika tumekwisha kuandika. Lililobaki ni kuyahifadhi maandishi yenyewe.

MAMBO YALIYOKWISHA TOKEA

Mwezi wa Aprili 1872 tufani kubwa iliipiga Unguja ikaangusha sehemu kubwa ya mikarafuu yake. Pemba haikupata pigo kama hilo, na mikarafuu yake ikabaki imesimama. Tangu hapo kisiwa hiki ndicho kilichokuwa kikitoa karafuu nyingi kuliko kile. Lau mikarafuu yote ingalikuwa upande mmoja, biashara nzima ingaling'oka kwa siku moja. Wazee wetu hawakupanga iwe hivyo, ilitokea. Sisi tunao wasaa wa kupanga.

Tarehe 21 Mei 2008 umeme wa Unguja ulikatika kwa hitilafu ya njia itokayo Bara kupitia chini ya bahari, na haukurudi hadi tarehe 18 Juni. Ukakatika tena kutoka Desemba 2009 hadi Machi 2010, karibu miezi mitatu. Siku hizo Pemba ilikuwa ikitumia mitambo yake ya dizeli pale Wesha, kwa hivyo haikuguswa. Lakini tangu 2010 sisi nasi twapata umeme kwa waya wa chini ya bahari utokao Tanga. Waya huo ni neema kubwa, na ni vizuri kukumbuka kuwa nao ni waya.

Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib, jengo ambalo kila mtu alilihesabu kuwa la kudumu, iliporomoka mchana katika mji wa Unguja. Na tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za intaneti zipitazo baharini, EASSy na Seacom, zilipata hitilafu kwa pamoja, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizopata taabu kubwa. Kwa hivyo mwenye kusema kuwa ofisi yetu ni ya mawe, au kwamba intaneti ipo siku zote, na ayatazame mambo haya kwanza.

Ng'ambo nako kuna mafunzo. Mwezi wa Juni 2017 programu haribifu iitwayo NotPetya iliingia katika kompyuta za Maersk, kampuni kubwa ya meli ya Denmark. Seva zilizoshika orodha ya watumiaji wote zilikuwa nyingi, tena zilikuwa zikinakiliana wenyewe kwa wenyewe, na kwa sababu hiyo hiyo zilifutika kwa pamoja. Moja tu ilisalimika, katika ofisi ya Ghana, kwa kuwa umeme ulikuwa umekatika huko na seva hiyo ilikuwa imezimika. Kwa nakala hiyo moja kampuni iliweza kusimama tena. Ilijenga upya seva 4,000 na kompyuta 45,000 kwa muda wa siku 10. Tazama basi: katika mashine zote hizo, iliyookoa ni ile ambayo haikuwa imeunganishwa na wenzake saa ya msiba.

Tena tarehe 10 Machi 2021 moto uliteketeza jengo la kampuni ya OVH mjini Strasbourg, Ufaransa, lililojaa seva za wateja. Waliokuwa na nakala katika mji mwingine waliendelea na kazi. Miongoni mwa waliokuwa wameweka asili na nakala mahali pamoja, wako waliopoteza vyote viwili. Hayo ndiyo yaitwayo “wingu”. Wingu nalo ni jumba lenye kuta, na jumba huweza kuungua.

SEVA PEPE NI KITU GANI?

Kila mkulima ajua tofauti ya kuanika karafuu juu ya sakafu tupu na kuzianika juu ya jamvi. Wingu la mvua likitokea, mwenye sakafu tupu huanza kuzoa kwa mikono, na nyingine humpotea. Mwenye jamvi hulikunja pamoja na karafuu zake akakimbilia ndani, na mvua ikipita huweza kulitandika hata katika sakafu ya jirani.

Seva ya kizamani ni sakafu tupu. Programu za hesabu zimewekwa moja kwa moja juu ya chuma chake, na chuma kikifa huwezi kuzihamishia mashine nyingine ila kwa kuanza upya: kutia mfumo, kutia programu, kutafuta leseni, kurekebisha, kisha ndipo kurudisha hesabu. Fundi mwema huweza kuchukua siku nyingi. Seva pepe ni jamvi. Juu ya chuma hutandikwa programu iitwayo haipavaiza, na juu ya haipavaiza hukaa seva moja au zaidi ambazo zajiona kuwa ni kompyuta kamili, ilhali kwa hakika ni mafaili tu. Faili hunakiliwa. Nakala hiyo yaweza kuwashwa katika mashine nyingine yenye haipavaiza ya namna ile ile, hata ikiwa ni ya kampuni nyingine na ya umbo jingine.

Faida ya pili ni kuwa mashine moja huchukua kazi kadhaa bila kuchanganyika. Hesabu za akiba zaweza kukaa katika seva pepe moja, na barua na picha za ofisi katika nyingine. Barua zikipata virusi, hesabu hazimo katika chumba kimoja nazo, ingawa bado mlango wa baina yao wataka kufungwa vizuri.

Katika haipavaiza zenyewe, tatu ndizo zitajwazo sana. VMware ni ya siku nyingi na imara, lakini baada ya kampuni ya Broadcom kuinunua Novemba 2023, uuzaji wa leseni za kulipia mara moja ulikomeshwa, na mteja hutakiwa kulipa ada kila muda. Hyper-V ya Microsoft huja pamoja na Windows Server, na leseni ya daraja la Standard yaruhusu seva pepe mbili. Yafaa kwa aliyekwisha kuinunua Windows hiyo. Proxmox ya Austria hutumiwa bila ada ya leseni, na anayetaka msaada wa wenyewe ndiye alipaye. Halmashauri yaelekea Proxmox, kwa sababu ada isiyolipwa mwaka wa mavuno mabaya isije ikatufungia mlango.

MASWALI MAWILI KABLA YA KUNUNUA

Muuza mashine huanza na mashine. Sisi tuanze na maswali mawili. La kwanza: msiba ukitokea, twaweza kuvumilia kupoteza kazi ya muda gani? La pili: twaweza kungoja muda gani kabla ya ofisi kufunguliwa tena?

Majawabu hayalingani mwaka mzima. Wakati karafuu ziko juu ya miti, karani akipoteza kazi ya siku tatu, ni mamia ya mizani na malipo ya wachumaji, na ugomvi wake haumaliziki. Rai ya Halmashauri ni kuwa katika msimu tusipoteze zaidi ya kazi ya nusu siku, na tusingoje zaidi ya siku moja. Nje ya msimu, kupoteza kazi ya siku moja na kungoja siku tatu si msiba mkubwa. Kwa hivyo nakala itachukuliwa mara mbili kwa siku katika msimu, na mara moja kila usiku baada yake. Anayetaka asipoteze hata dakika moja atalipa gharama ya benki, na chama chetu si benki.

NJIA ZILIZOPO

Njia ya kwanza ni mashine moja yenye diski mbili zinazonakiliana. Ni nzuri diski moja ikifa, kwani ya pili huendelea. Lakini si nakala ya akiba. Karani akifuta jina kwa bahati mbaya, limefutwa katika diski zote mbili kwa dakika hiyo hiyo; mwizi akibeba mashine, amezibeba zote mbili. Kadhalika ile picha ya seva ichukuliwayo papo hapo kabla ya kufanya mabadiliko: yafaa kwa kurudi nyuma saa moja, lakini inakaa ndani ya mashine ile ile.

Njia ya pili ni mashine mbili ofisini, moja ikiifuata nyingine kila baada ya dakika chache. Ya kwanza ikifa, ya pili huwashwa mara moja. Hii yajibu swali la kungoja, na mashine ya pili yaweza kuwa iliyokwisha kutumika mradi ni nzima. Lakini zote ziko chini ya paa moja, na Maersk imekwisha kutuonyesha kuwa kinachofuata kila kitu hufuata hata uharibifu.

Njia ya tatu ni kupeleka nakala kwenye wingu la kukodi. Yafaa kwa wenye intaneti ya haraka na ya kuaminika. Kwetu tupige hesabu. Tuseme seva yetu ina gigabaiti 60, na intaneti yapeleka megabiti 2 kwa sekunde. Kuipeleka yote mara ya kwanza kwachukua takriban saa 67, karibu siku tatu usiku na mchana bila kukatika. Baada ya hapo, tukipeleka tu yaliyobadilika, tuseme megabaiti 200 kwa siku, ni kiasi cha dakika 13. Kupeleka kila siku basi kwawezekana. Kuirudisha yote kwa njia hiyo siku ya msiba ndiko kutakakotukosesha subira. Na ada yake hulipwa kila mwezi, karafuu ziwepo zisiwepo.

Njia ya nne ni diski ya nje, ijazwayo kila wiki, ikafunguliwa kutoka kwenye mashine, na kuhifadhiwa nyumba nyingine. Ni njia ya gharama ndogo, na ndiyo pekee katika hizi ambayo virusi haviifikii, kwa kuwa haikuunganishwa. Kasoro yake ni mtu: wiki moja husahau, ya pili husafiri.

Mafundi wanayo kanuni iliyoenezwa na mpiga picha wa Kimarekani, Peter Krogh: nakala tatu, katika vyombo vya namna mbili, na moja iwe mahali pengine. Hakuna njia moja katika hizi itimizayo kanuni hiyo peke yake. Hapana budi kuzichanganya.

KWA NINI MHEZI?

Sasa twafika kwenye pendekezo ambalo limeulizwa sana. Mhezi ni kata ya wilaya ya Same, katika milima ya Upare wa Kusini, mkoa wa Kilimanjaro. Wako huko wakulima wenzetu wenye kikundi cha akiba na mikopo, nao wana shida kama yetu: hesabu zote katika mashine moja, ofisi moja. Wamekubali tubadilishane amana. Wao waweke nakala yetu, sisi tuweke yao, na hapana anayemlipa mwenzake kodi.

Wako walioniuliza kwa nini tusiweke Unguja, ambako ni karibu. Unguja ni nzuri, lakini bahari yetu ni moja na dhoruba zetu ni moja. Nakala ya mbali yatakiwa iwe mahali ambapo msiba wetu haufiki. Mhezi haina bahari ya kuingia ofisini, wala haingoji waya wa baharini ili taa ziwake.

Si kwamba milima haina misiba yake. Mwezi wa Novemba 2009 mvua kubwa zilileta maporomoko ya udongo katika wilaya hiyo ya Same, na watu wasiopungua 20 walipoteza maisha. Ndiyo maana wao nao wanatuhitaji. Maporomoko ya kwao hayafiki Pemba, na tufani ya kwetu haipandi mlima wao ikiwa na nguvu ile ile. Ni vigumu misiba yote miwili iangukie usiku mmoja.

Tena watu wa Upare hawahitaji kuelezwa maana ya akiba. Familia nyingi za huko zina shamba mlimani na jingine tambarare, ili mvua ikikosa huku wavune kule. Na wana mabwawa madogo ya asili yaitwayo ndiva: maji ya mfereji hukusanywa usiku, watu wamelala, na asubuhi hufunguliwa kwa zamu kwenda mashambani. Nakala yetu itakwenda kwa mtindo huo huo. Usiku, intaneti ikiwa haina kazi nyingi, yaliyobadilika mchana yatapelekwa Mhezi. Nakala ya kwanza, kwa kuwa ni nzito, itapelekwa kwa diski mkononi: boti, basi, kisha gari la mlimani. Na ikiwa siku moja itabidi kurudishiwa hesabu zote, zitarudi kwa njia hiyo hiyo. Safari hiyo haishindwi na intaneti yetu.

SIRI NA FUNGUO

Mwanachama mmoja aliuliza, na aliuliza vema: je, watu wa Mhezi wataona deni langu? Hawataona. Nakala itafungwa kwa ufunguo wa siri kabla ya kutoka ofisini, na huko itakaa kama sanduku lililotiwa lakiri. Proxmox inayo programu yake ya nakala ifanyayo kazi hiyo. Tena kwa kuwa nakala itakaa Bara, yatupasa kuifuata Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Mapatano baina yetu na wao yataandikwa, yataje nani ana ruhusa ya kugusa mashine, na nakala ifutwe vipi tukiachana.

Lakini ufunguo nao ni amana. Ukipotea, nakala haifunguki kwa fundi yeyote duniani. Na ukiwa ndani ya seva ile ile iliyoungua, umeungua nao. Kwa hivyo utaandikwa katika karatasi mbili na kutiwa katika bahasha mbili zilizofungwa: moja kwa Mwenyekiti, na moja kwa Mweka Hazina, nyumba mbalimbali.

KUJARIBU NDIKO KUJUA

Kila aliyepita chuoni ajua kuwa mwanafunzi hasemi amehifadhi juzuu mpaka mwalimu amsikilize. Nakala nayo ni vivyo hivyo. Taa ya kijani katika kioo yasema tu kuwa kazi imekwisha. Haisemi kuwa hesabu zafunguka. Kwa hivyo kila miezi mitatu nakala itawashwa katika mashine ya pili ofisini, na mara moja kwa mwaka, kabla ya msimu, itarudishwa kutoka Mhezi kwa diski. Karani atachagua majina 10 bila kupangiwa, na hisa, akiba na deni la kila mmoja vitalinganishwa na daftari la karatasi. Muda uliotumika utaandikwa na kusomwa mbele ya Halmashauri. Jaribio likishindwa, wanachama mtaelezwa katika toleo litakalofuata.

Pia tutanunua betri ya akiba kwa ajili ya seva. Kazi yake si kuendesha ofisi kucha. Ni kuipa mashine dakika chache ijizime kwa taratibu umeme unapokatika ghafla, kwani hesabu zikikatwa katikati ya kuandikwa huweza kuharibika.

MTAKALOULIZWA

Halmashauri yapendekeza mambo manne kwa pamoja: mashine moja mpya yenye seva pepe mbili, mashine ya pili iliyokwisha kutumika, ya kuifuata ya kwanza, diski mbili za nje zipokezanazo kila wiki, moja ofisini na moja nyumbani kwa Mweka Hazina, na nakala ya kila usiku Mhezi. Fedha ikipungua, rai yangu kama Katibu ni kuwa mashine ya pili ndiyo ingoje. Bila yake tutachelewa kufungua ofisi siku chache. Lakini bila diski na bila Mhezi, huenda tukafungua ofisi isiyo na daftari.

Kila tawi lizungumze jambo hili kabla ya mkutano na kuleta maswali yake kwa maandishi. Na mwanachama mwenye stakabadhi za msimu uliopita azilete ofisini siku yoyote ya kazi, asubuhi, zilinganishwe na hesabu zilizomo katika seva ya sasa. Yafaa makosa, kama yapo, yasahihishwe kabla hatujayapeleka mlimani pamoja na mengine.

Wenu katika kazi,
Katibu